Pumzikeni Bila Kujilaumu



Somo letu la leo linahusu jambo ambalo nyumba nyingi huliona dogo: kupumzika.

Hapa Kapsokwony, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, kazi haiishi. Machi na Aprili tunapanda mahindi, kisha palizi, halafu mavuno kuanzia Oktoba. Katikati kuna viazi, vitunguu na kahawa. Ng'ombe naye lazima akamuliwe alfajiri, hata iwe Krismasi. Basi mama akiketi kidogo mchana, moyo humsumbua: "Majirani watasema mimi ni mvivu." Akisikia hatua za mumewe, huinuka haraka na kushika ufagio. Baba naye, hata mgongo ukimuuma, huona aibu kulala jua likiwa limetoka.

Uvivu si pumziko

Tumelelewa kuheshimu kazi, na hilo ni jema. Lakini mvivu huikimbia kazi kabla hajaianza. Anayepumzika ameifanya, naye anajitayarisha kuirudia.

Nabii Eliya alichoka hata akatamani kufa (1 Wafalme 19). Mungu hakumkemea. Alimwacha alale, malaika akamletea mkate na maji, akalala tena, ndipo akaendelea na safari. Katika Kumbukumbu la Torati 5, hata ng'ombe na punda wamepewa siku ya kupumzika. Je, mama wa nyumba asahauliwe?

Kanisa nalo, katika Sheria ya mwaka 1983, kanuni ya 1247, linatutaka siku ya Jumapili tuache kazi zinazozuia ibada, furaha ya siku hiyo, na pumziko linalostahili la akili na mwili. Nayo Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 humpa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Kwa hiyo anayepumzika hamwibii mtu yeyote.

Ruhusa yenye mikono

Wahenga walisema: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Bwana, baada ya Misa unakwenda senta kuzungumza na wenzako. Mkeo anarudi kwenye kuni, maji na chakula cha wageni. Ukimwambia, "Pumzika," huku vyombo vinamngoja, hujampumzisha. Teka maji wewe. Pasua kuni Jumamosi. Watoto wa kiume na wa kike waoshe vyombo.

Nawe mama, sufuria ikioshwa vibaya, usiinuke kuisugua upya. Iache. Mwambie mumeo waziwazi, "Leo nimechoka," wala usingoje akisie mwenyewe. Baba naye aweze kusema hivyo bila kuambiwa kwamba si mwanamume.

Maneno mengi makali ya jioni hutoka katika mwili uliochoka, wala si katika moyo mbaya. Kabla ya kujibu, mwulize mwenzako, "Umekula? Umelala?" Ugomvi mwingine huishia hapo.

Lakini angalieni: mtu akipumzika vya kutosha na uchovu usiondoke, aende hospitali. Huenda ana upungufu wa damu au ugonjwa mwingine unaohitaji dawa.

La kufanya juma hili

1. Chagueni saa moja ya kila mmoja wenu, ambayo mwenzake atashika kazi zake.
2. Chakula cha Jumapili kiwe chepesi, na maandalizi yafanyike Jumamosi.
3. Mmoja akipumzika, mwingine asimhesabie kazi zilizobaki.

Maswali ya kuzungumza pamoja

Katika nyumba yetu, nani hulala wa mwisho na kuamka wa kwanza? Ni kazi gani ninayodhani ni nyepesi kwa sababu siifanyi mimi? Watoto wetu wanajifunza nini wakituona tukipumzika?

Ulizaneni kwa upole, mkiwa mmeketi wote wawili.