Kuijaribu Kengele ya Mafuriko kwa Mawimbi ya Kutungwa

Mnamo Januari 2014 mafuriko yaliharibu nyumba nyingi Magole na Dumila, wilayani Kilosa. Je, kengele ya kuwaonya watu yaweza kujaribiwa pasipo kungoja gharika?

Chukulia kipima-kina kinachotoa volti 1 mto ukiwa shwari na volti 4 ukifurika. Kengele yapasa kulia kwenye volti 3. Jenereta ya mawimbi huweza kuuigiza mto huo: umbo la wimbi huwekwa katika kumbukumbu yake kama orodha ya nukta. Nukta 1,000 zikisomwa 100 kwa sekunde, kipande huchukua sekunde 10.

Vipande hupangwa kwa mfuatano:
(a) shwari, volti 1, mara 5;
(b) maji yapanda kwa mwendo sawa, volti 1 hadi 4, mara 1;
(c) mafuriko, volti 4, mara 2.

Kipande (a) humalizika sekunde ya 50. Volti 3 hufikiwa katika theluthi mbili za kipande (b); basi kengele yapasa kulia karibu na sekunde ya 56.7. Ikilia mapema, wakazi huacha kuiamini. Ikichelewa, maji huwatangulia.

Zoezi: Kipande (b) kikianzia volti 2, kasoro gani itatokea?