Bunduki mpya usiihukumu kwa matundu matatu

Mdogo wangu aliyeniandikia kutoka Texas ana huzuni, na huzuni yake naielewa kabisa. Kajibana muda mrefu, kanunua bunduki ya shabaha ya 6.5 Creedmoor, mtutu mzito, bolti ya kuvuta kwa mkono, darubini nzuri juu yake. Kaipeleka uwanjani kwa mara ya kwanza. Kwenye yadi 100 risasi tatu za mwanzo ziligusana, nusura apige vigelegele. Tatu zilizofuata zikatawanyika, na kaka wa meza ya jirani akamwambia, "Dada, hapo wamekupiga." Sasa ananiuliza: airudishe dukani?

Bado, mpenzi. Na huyo kaka mshukuru, kisha mwache na maneno yake.

Nianze na matundu yako. Matatu ni machache mno kukuambia chochote, yawe yamegusana au yametawanyika. Bunduki ileile, risasi za boksi lilelile, mpigaji yuleyule, kundi moja la risasi tano linaweza kuwa pana mara mbili ya jingine bila kitu chochote kuharibika. Ukipiga kumi kwenye karatasi moja duara litapanuka, na hilo duara pana ndilo bunduki yako. Kwa hiyo yale matatu ya kwanza yaliyokufurahisha yalikuwa bahati kama yalivyokuwa bahati yale yaliyokuliza. Tangazo likisema bunduki inapiga ndani ya dakika moja ya pembe, yaani digrii moja iliyogawanywa mara 60, kwenye yadi 100 ni upana wa inchi moja na ushei. Uliza kwanza: ni kwa risasi ngapi?

Tena umeniambia ulipiga maboksi mawili mfululizo kwenye jua la mchana. Boksi moja ni risasi 20. Mtutu ukipata moto hewa iliyo juu yake inachezacheza, na kupitia darubini unaona shabaha inaelea. Hapo unalenga kitu ambacho hakipo pale unapokiona. Piga tano, fungua bolti, acha chuma kipoe, kunywa maji yako taratibu.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo wauzaji wengi hawatuambii sisi wanawake, na mimi nalisema kila nikipata nafasi. Bunduki nyingi za dukani zimekatwa kitako kwa kipimo cha mwanamume mrefu. Wewe mwenye mikono mifupi ukiishika, unajikuta unanyoosha shingo kama unachungulia dirishani, jicho halikai mahali pamoja mara mbili, na kidole kinaifikia triga kwa ncha tu. Matundu yatatulia vipi?

Jaribu hivi nyumbani, bunduki ikiwa tupu na umehakikisha kwa macho na kwa kidole kwamba chemba ni tupu, risasi zote zikiwa chumba kingine. Kunja mkono wa kulia kwenye kiwiko, weka kitako kwenye kikunjo, uone kama kidole cha shahada kinafika kwenye triga bila kujivuta. Kisha lala nyuma yake kama uwanjani, fumba macho, laza shavu kwenye kitako mpaka shingo ilegee kabisa. Fumbua. Ukiona duara zima lenye mwanga, umekaa sawa. Ukiona kivuli cheusi kimeuma upande mmoja kama mwezi mwandamo, basi shavu liko juu mno au chini mno; kivuli kikizunguka pande zote, darubini iko mbali au karibu mno. Ndiyo maana bunduki nyingi za shabaha siku hizi zina kitako cha kurefusha na kufupisha, na kipande cha shavu cha kupandisha. Kama yako ina virekebisho hivyo, na bado viko kama vilivyotoka kiwandani, basi hujaipiga bunduki yako. Umepiga ya mtu mwingine.

Na msikaribie darubini kupita kiasi, jamani. Inchi tatu na nusu hivi kutoka kwenye jicho ni kawaida kwa nyingi. Teke la bunduki likija na nyusi iko pale, utarudi nyumbani na alama ya duara usoni. 6.5 Creedmoor haipigi bega sana, hilo ni moja ya mambo yanayonifanya niipendekeze kwa anayeanza. Ni laini kuliko .308. Ilitoka mwaka 2007, na jina ni la uwanja wa zamani wa Long Island, New York, ambako Wamarekani waliwashinda Waairishi kwenye shindano la kulenga shabaha mwaka 1874. Lakini laini haina maana ujiegemeze kizembe.

Kabla ya yote hayo, shika bisibisi. Bunduki ikitawanya risasi ghafla, mtuhumiwa wangu wa kwanza ni skrubu: zile zinazoshika darubini na zile zinazoshika chuma kwenye kitako. Kipimo cha kuzikaza kimeandikwa kwenye kijitabu, na bisibisi yenye kipimo si ghali ukilinganisha na ulichokwisha kutumia. Halafu safisha mtutu, maana unatoka kiwandani na mafuta ndani. Na ukiwa umelala, tikisa kichwa kidogo sana bila kugusa bunduki: msalaba wa darubini ukitembea juu ya shabaha, zungusha kile kitufe cha pembeni mpaka utulie. Watu wanarudisha bunduki nzima kwa sababu ya kitufe hicho.

Masikio sasa. Mlio wa bunduki kama yako unafika desibeli 160 hivi, na kifaa kinachofungwa mdomoni mwa mtutu kupunguza teke huongeza kelele kwako na kwa jirani. Vaa vizibo vya ndani, kisha vifuniko juu. Wenzangu wa hijabu na wa misuko minene, na wenye miwani pia: vifuniko vikikaa juu ya kitambaa au rasta vinaacha upenyo, kwa hiyo vizibo vya ndani ndivyo mlinzi wenu. Vivae kwanza, kitambaa kifuate. Blauzi ya shingo wazi iache nyumbani. Ganda la moto la jirani likirukia kifuani, mtu huruka, na bunduki iliyo mkononi huruka naye. Ilaze kwanza, mdomo ukielekea shabaha, ndipo ujihangaikie.

Ukimaliza, nawa mikono na uso kabla hujagusa chakula, na nguo zako usizichanganye na za watoto. Moshi na vumbi la uwanjani lina madini ya risasi. Mwenye mimba au anayenyonyesha aongee na daktari kabla ya kwenda, na kwa mtazamo wangu asubiri tu. Uwanja utakuwepo.

Nisiache kumtaja Margaret Murdock, nesi wa Kansas. Olimpiki ya Montreal, 1976, kwenye kulenga shabaha wanawake na wanaume walishindana pamoja, na alilingana pointi na Mmarekani mwenzake, Lanny Bassham. Waamuzi walimpa Bassham dhahabu kwa kanuni ya kuvunja sare. Wimbo wa taifa ulipokuwa unapigwa, Bassham alimvuta Murdock akasimama naye kwenye ngazi ya juu. Wanaokuambia mchezo huu ni wa mabega mapana, wasimulie hiyo.

Kwa wasomaji wengine mlioko Marekani kwa viza ya muda: sheria ya nchi ile kwa kawaida inawakataza wengi wenu kununua bunduki, na vighairi vyake ni vichache. Muone mwanasheria kabla ya kwenda dukani. Na msijaribu kuisafirisha nyumbani bila vibali vya huko na huku. Kwenye nyumba yenye watoto, kabati la chuma lenye kufuli ninaliweka mbele ya darubini kwenye orodha ya manunuzi.

Haya, mdogo wangu. Jumamosi nenda asubuhi, upepo ukiwa umelala. Aina moja ya risasi, maboksi yenye namba ileile ya toleo. Mfuko wa mchanga chini ya kitako, uuminye kwa mkono wa kushoto kupandisha na kushusha. Piga tano, pumzisha, piga tano nyingine kwenye karatasi hiyohiyo. Kama darubini yako inasogea robo dakika kwa kila mlio wa kifundo, na kwenye yadi 100 matundu yamekaa inchi tatu kushoto, ni milio 12 kwenda kulia, usikisie. Andika tarehe, joto, na risasi ya kwanza ya mtutu baridi ilipoangukia. Kisha badilisha aina ya risasi, urudie, kwani mitutu ina chaguo zake. Mwombe pia mpigaji mzoefu apige kumi kwa bunduki yako.

Kama naye ametawanya, na skrubu zimekazwa, beba karatasi zote na maboksi matupu uende dukani. Muuzaji asikuambie ni mkono wako kabla yeye mwenyewe hajalala nyuma yake.