Neno "Mtandao" na Utatuzi wa Hitilafu za Vifaa Janja vya Nyumbani: Mfano wa Garissa

Utangulizi

Makala hii inakusudia kuonyesha jinsi uteuzi wa msamiati unavyoweza kurahisisha au kukwamisha utengenezaji wa vifaa janja vya nyumbani, yaani kamera, taa na soketi zinazoendeshwa kwa simu kupitia waifai. Sisi wanafunzi wa Kiswahili tumezoea kuwaachia wahandisi jambo hili. Hata hivyo, fundi wa Garissa hupokea malalamiko kwa Kiswahili kabla hajagusa kifaa, mara nyingi kutoka kwa mteja ambaye lugha yake ya kwanza ni Kisomali, na malalamiko yenyewe huwa sentensi moja tu: "Mtandao umepotea."

Mtandao upi?

Chukulia kamera iliyofungwa langoni mwa nyumba mjini Garissa, ambayo mwana aliyeko Minneapolis huitazama usiku ili kujua kama mama yake yu salama. Picha husafiri katika viungo vitatu: kutoka kamera hadi ruta kwa mawimbi ya waifai, kutoka ruta hadi intaneti kupitia kampuni inayouza huduma, na kutoka hapo hadi seva ya mtengenezaji wa kamera. Kiungo chochote kikikatika, mama na mwanawe husema mtandao umepotea, na wote husema kweli. (Msomaji atakumbuka kwamba Kisomali huita mtandao shabakad, kutoka Kiarabu, asili ileile ya shabaka yetu. Picha ya wavu imetufaa sote, ila wavu hauonyeshi uzi upi umekatika.)

Tunapendekeza neno mtandao liachiwe maana yake ya jumla, na fundi aulize kuhusu mawimbi, intaneti na seva, kila neno mahali pake. Jaribio la kwanza ni kuunganisha simu na waifai, kuzima data ya simu, kisha kufungua ukurasa wowote. Kuzima data ni lazima, kwani simu iliyokosa intaneti ya ruta huweza kuhamia data yake kimyakimya, na mwenyewe akaapa kwamba mtandao upo. Ukurasa usipofunguka, kosa liko upande wa ruta au kampuni. Kamera haina hatia. Ukifunguka, kosa liko kati ya kamera na ruta, au kwenye seva. Ikiwa taa na soketi za mtengenezaji huyohuyo zinaitika, basi seva i hai, na uchunguzi ubaki kwa kamera.

Kauli za vitenzi

Hapa sarufi hufanya kazi ya kipima umeme. Kamera iliyozimwa imezimwa na mtu. Iliyozimika imekosa umeme au imeharibika. Tofauti hiyo ina uzito katika eneo hili. Garissa iliunganishwa na gridi ya taifa mwaka 2016, na kituo cha umeme wa jua cha megawati 50 kikazinduliwa rasmi mwaka 2019, lakini Wajir na Mandera zimetegemea kwa miaka mingi mitambo ya dizeli iliyo nje ya gridi. Umeme unaporudi baada ya kukatika, kamera huweza kuamka kabla ruta haijawa tayari. Baadhi ya vifaa vya bei nafuu hutafuta mawimbi mara chache, kisha hukata tamaa. Dawa ni kukizima kifaa na kukiwasha tena baada ya ruta kutulia. Vivyo hivyo, kamera iliyoungana na ruta si lazima iwe imefikia intaneti. Programu nyingi huandika neno moja kwa hali zote mbili, na huo ni uvivu wa wafasiri.

Tatizo la masafa

Neno gumu kuliko yote ni masafa, kwa kuwa hubeba maana ya umbali na pia ya kasi ya mtetemo wa mawimbi. Jaribu kumweleza mteja kwamba masafa ya gigahezi 5 yana masafa mafupi! Ilhali jambo lenyewe ndilo chanzo kikubwa cha kifaa kipya kukataa kuungana: vifaa vingi vya bei nafuu hutambua gigahezi 2.4 pekee, na simu inayotumiwa kuvisajili huwa imeshika gigahezi 5 ya ruta ileile. Fundi huingia katika mipangilio ya ruta, akayapa mawimbi hayo mawili majina tofauti, kisha akaisajili kamera kwa lile la 2.4. Hilo pia hupenya kuta za mawe vizuri zaidi, ingawa mabati huyarudisha yote mawili. Kwa matumizi haya tungependelea umbali kwa maana ya kwanza na masafa kwa maana ya pili. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ulithibitisha kwamba istilahi za kompyuta huweza kukubaliwa pamoja na kutumiwa. Za waifai zinangoja wahakiki, na nafasi ya kupinga pendekezo letu iko wazi.