Miwani ya Kuangalia Video: Usipokee Hela Kabla Hujajua Mteja Anatumia Simu Gani

Leo tusome bidhaa moja ambayo imeanza kuulizwa sana inboksi: miwani ya kuangalia video. Ile unaichomeka kwenye simu kwa waya, unaivaa, unaona kama skrini kubwa imesimama mbele yako. Wanaosafiri sana na mabasi wanaipenda, wanaolala chumba kimoja na mtoto wanaipenda, na faida ya pisi moja siyo ndogo. Majina utakayokutana nayo zaidi ni Xreal, Rokid, Viture na RayNeo.

Mimi niliiuza kabla sijaielewa. Niliagiza pisi mbili, moja ikanifikia kwa 780,000 pamoja na usafiri. Nikachukua maelezo ya muuzaji wa China, nikayatafsiri, nikapost: "Inafanya kazi na simu zote za Type-C." Siku ya tatu kaka mmoja wa Dodoma akalipia 950,000, cash yote, hakuomba hata punguzo. Nikampandishia mzigo kwenye basi usiku huohuo.

Kesho yake jioni ananipigia. "Dada, sauti naisikia, ila mbele giza tu." Nikamwambia azime awashe. Ageuze waya. Abonyeze kile kitufe cha pembeni. Tukahangaika karibu saa nzima, mwisho nikaamini nimemtumia mbovu. Nikamwambia airudishe, nikamrudishia hela yake yote. Ilipofika nikaichomeka kwenye simu ya jirani yangu wa duka, Samsung S21, ikawaka palepale. Haikuwa na tatizo lolote. Boksi lilishafunguliwa, kwa hiyo nikaja kuiuza 800,000 baada ya wiki tano. Usafiri wa kwenda na kurudi 16,000. Piga hesabu: ile faida ya 170,000 ikabaki 4,000, na hapo sijatoa makato ya kutuma hela.

Sasa kwa nini sauti ilitoka na picha haikutoka? Hapa ndo pa kuelewa vizuri, maana ukishaelewa hapa hakuna mteja atakayekubabaisha.

Hii miwani yenyewe haina betri na haina intaneti. Ni skrini mbili ndogo sana, moja kila jicho, pamoja na vispika kwenye mikono yake. Umeme inakula wa simu, picha inapewa na simu. Type-C ni umbo la tundu tu. Tundu la umbo hilo linaweza kupitisha chaji, mafaili na sauti, lakini kupitisha picha ni kazi nyingine, na kiwanda cha simu lazima kiwe kimeiweka ndani. Kazi hiyo inaitwa DisplayPort. Simu ambayo haina, hakuna programu ya kudownload itakayoiongezea, usije ukamdanganya mteja wala kujidanganya. Kaka wa Dodoma simu yake ilikuwa ya laki tatu na nusu. Tundu lilikuwa Type-C kweli, ila picha haitoi.

Na ukweli ni kwamba simu nyingi mikononi mwa wateja wetu hazitoi picha. Tecno, Infinix na itel za bei za kawaida, Redmi za bei nafuu, Samsung za A nyingi: weka hesabu kwamba haitoi mpaka uhakikishe. Zinazotoa ni kama Samsung za S kuanzia S8 na kuendelea, Note kuanzia Note 8, na Z Fold. Angalia hapo: Z Flip mpaka Flip 6 hazitoi, pamoja na bei yake yote ile, kwa hiyo usipime kwa bei. iPhone ni kuanzia 15, maana 14 kurudi nyuma bado zina tundu la Lightning na zinahitaji adapta juu ya adapta. Google Pixel ni kuanzia 8. Laptopu nyingi mpya zenye Type-C zinatoa picha, ila siyo zote.

Modeli ambayo huijui, ingia GSMArena, andika jina kamili la simu, shuka mpaka mstari wa USB. Ukiona neno DisplayPort, uza. Usipoliona, simama kwanza. Kuna wanaosema angalia kama ni USB 3 au USB 2, hiyo inakupoteza, kwa sababu iPhone 15 ya kawaida ni USB 2 na picha inatoa. Tafuta lile neno.

Kama una fremu au kibanda ambapo mteja anaweza kufika, nunua adapta ya Type-C kwenda HDMI, uchomeke kwenye TV. Simu ya mteja ikionyesha picha kwenye TV kupitia adapta hiyo, na miwani itawaka. Isipoonyesha, mwambie palepale. Mimi yangu ipo kwenye droo na imeshaniokoa mara nyingi. Halafu tumia waya uliokuja na miwani. Nyaya nyingi za Type-C tunazouza za kuchajia hazipitishi picha hata kama simu ni nzima, na mteja akiubadilisha waya atakuja kukulaumu wewe.

Kitu cha pili kinacholeta ugomvi ni inchi. Kwenye boksi utakuta "skrini ya inchi 130" au "inchi 201", na mteja anategemea ukumbi wa sinema. Soma maandishi madogo: inchi 130 ukiwa mita 4, inchi 201 ukiwa mita 6. Ukipiga hesabu ni ukubwa uleule machoni, wamesogeza tu umbali. Xreal Air kwa mfano, upana wake wa kuona ni nyuzi 46. Mimi namwambia mteja hivi: kaa mita moja mbele ya TV ya inchi 32, hivyo ndivyo utakavyoona. Bado ni kubwa ukilinganisha na simu, na anayenunua baada ya kusikia hivyo harudi na malalamiko.

Muulize pia kama anavaa miwani ya macho. Kuvaa miwani juu ya miwani ni shida, inabana na picha inakatika pembeni. Nyingi zina sehemu ya kuwekea lenzi za ndani, ambazo anatengenezewa na fundi wa miwani kwa namba zake, na hiyo ni gharama nyingine juu yake. Rokid Max ina virekebishi juu vya kuzungusha mpaka -6, inamfaa asiyeona mbali. Mwenye astigmatizimu bado atahitaji lenzi.

Mengine ni madogo ila yataje. Simu inaisha chaji haraka kwa sababu inalisha vitu viwili. Juani picha inafifia, ndo maana kunakuwa na kifuniko cha mbele cha kuzuia mwanga. Vispika vinavuja sauti, jirani wa siti atasikia kama ni muvi ya kelele. Na asivae akiwa anaendesha chochote, hata baiskeli.

Mwisho, usichanganye bidhaa kwenye posti. Ray-Ban Meta za mwanzo zina kamera na spika, skrini hazina. Kuna za elfu themanini ambazo ni spika za bluetooth tu zenye sura ya miwani. Na lile boksi la kuweka simu ndani ukavaa usoni ni kitu kingine kabisa. Mteja akiandika "nataka smart glasi", mwulize anataka kuangalia au kurekodi.

Huu hapa ujumbe ninaotuma mimi siku hizi kabla sijatoa namba ya malipo. Nakili, badilisha upendavyo:

"Habari, asante kwa kuulizia miwani. Naomba jina kamili la simu yako (Mipangilio, kisha Kuhusu simu). Siyo kila simu ya Type-C inatoa picha, naikagua kwanza nikujibu leoleo. Je, unavaa miwani ya macho? Na utaitumia kwa simu tu au na laptopu?"

Katika watu kumi wanaouliza, saba au nane simu zao zinagoma. Mwanzoni iliniuma. Ila wawili kati ya hao niliowakatalia walininunulia powerbank na earphone, na mmoja amerudi mwezi uliopita na S22 mkononi.

Kama kuna modeli ya Tecno au Infinix umeijaribu kwa mkono wako na ikatoa picha kwenye TV, iandike kwenye komenti kwa jina kamili, nitaiongeza kwenye orodha.