Nilivyompata daktari wa mzio nikitokea Kawangware

Miaka miwili kijana wangu alitibiwa homa ya mapafu ambayo hakuwa nayo. Kila baada ya wiki chache anaanza kukohoa usiku wa manane, kifua kinapiga mluzi, nambeba mgongoni hadi kwa kemisti, tunarudi na amoksilini na dawa ya kikohozi. Siku tano anapata nafuu, nami natangazia ploti nzima kwamba amepona. Halafu usiku mmoja tunaanza upya.

Wakati huo tulikuwa tukikaa Makina, Kibera. Nikajiambia shida ni pale: moshi wa makaa ya jirani, takataka zinazochomwa karibu na reli, chumba kimoja cha mabati kisicho na dirisha la maana. Tukahamia Gatina, Kawangware. Kikohozi kikapanda mkokoteni pamoja na masufuria, tukashuka nacho.

Mimi nauza mitumba soko la Toi, nguo za watoto. Likumbuke hilo, utalihitaji huko mbele.

Mama mmoja wa ploti ndiye aliyeniambia, "Mama, huyo mtoto ana aleji. Mtafutie daktari wa aleji." Rahisi kusema. Niliposhika simu kutafuta, niligundua kwamba madaktari waliosomea hasa mzio na kinga ya mwili hapa Kenya ni wachache, na wale niliowaona walikuwa kwenye hospitali kubwa za kibinafsi, Upper Hill, Parklands na kwingineko ambako hata mlinzi wa getini anakutazama viatu kwanza. Kilichonichukua muda kuelewa ni kwamba kazi hiyo hapa kwetu imegawanywa. Mzio wa kifua unashughulikiwa na daktari wa kifua, wa mtoto na daktari wa watoto. Pua inayotiririka na kuwasha mwaka mzima ni ya daktari wa masikio, pua na koo. Ukurutu ni wa daktari wa ngozi. Kwa hiyo usianze na neno "mzio". Anza na mahali unapotokea mwilini, utapata milango mingi zaidi.

Mimi sikuanza hivyo. Nilianza na kliniki moja iliyokuwa na bango kubwa kando ya steji, jina lake nalimeza. Walimtoa damu, nikalipa pesa ambayo ilikuwa faida yangu ya wiki mbili, nikapewa karatasi ndefu iliyojaa alama nyekundu: maziwa, mayai, ngano, maharagwe, njugu. Mwezi mzima mtoto alikula wali na sukuma hadi shingo ikawa nyembamba. Kikohozi hakikushtuka. Baadaye sana daktari aliiangalia karatasi ile akanieleza kwamba walipima IgG, na IgG inaonyesha tu vyakula ambavyo mwili umekutana navyo. Ya mzio ni IgE. Yaani nililipia kuambiwa kwamba mtoto wangu hula chapati.

Mtu akikuuzia kipimo cha vyakula vingi kabla hajakuuliza swali hata moja, chukua mtoto wako muende.

Aliyeniweka kwenye njia alikuwa afisa wa kliniki katika kituo cha afya cha Riruta, ambako nilikuwa nimepita mara nyingi nikidhani ni cha chanjo na wajawazito tu. Hakugusa kalamu kwanza.

"Mama, anakohoa zaidi mchana au usiku?"

"Usiku, daktari."

"Usiku wa siku gani?"

Nikakwama. Nilijua bei ya kila gauni kwenye meza yangu lakini hilo sikulijua.

"Basi nenda ukaniandikie. Wiki tatu. Usibadilishe chakula, usibadilishe chochote, andika tu."

Nikanunua kitabu cha shule cha kurasa 32. Niliandika saa aliyoanza kukohoa, alikuwa wapi siku hiyo, alikula nini, nani aliwasha jiko gani karibu yetu, nilimpa dawa ipi na ilichukua muda gani kumtuliza. Usiku mmoja nikamrekodi kwa simu, kifua wazi, ile ngozi katikati ya mbavu ikiingia ndani kila akivuta pumzi. Hiyo video fupi ilinisaidia kuliko maelezo yangu yote, kwa sababu mtoto akifika mbele ya daktari saa nne asubuhi huwa anacheka na kurukaruka kana kwamba umemsingizia.

Wiki ya tatu nikasoma kitabu kuanzia mwanzo. Karibu kila usiku mbaya ulikuwa wa Jumanne au Ijumaa. Jumanne na Ijumaa ndizo siku ninazotoka Gikomba na beli la mitumba. Nilikuwa nalifungulia nyumbani ili nichague kamera zangu, yaani zile nguo bora, kabla ya kupeleka sokoni, na kijana alikuwa anapiga mbizi kwenye lile rundo la nguo, kisha analala ameliegemea kama mto. Nilikaa kitandani nimeshika kitabu, nikilitazama lile beli pale pembeni ya godoro.

Niliporudi Riruta, afisa alisoma, akaniambia hiyo inafanana na pumu inayochokozwa na mzio. Akatupa inhela, kisha akaomba chupa tupu ya maji ya nusu lita. Alipasha waya moto, akatoboa tundu kwenye kitako cha chupa lenye umbo la mdomo wa inhela, akaichomeka humo. Mtoto anaweka mdomo kwenye shingo ya chupa, unabonyeza mara moja, anavuta pumzi taratibu mara kadhaa. Nilidhani ni ufundi wa umaskini. Kumbe chupa hiyo ilifanyiwa utafiti kwa watoto Cape Town, matokeo yakachapishwa mwaka 1999, na ilifanya kazi sawa na kile kifaa cha dukani. Usiifute ndani kwa kitambaa baada ya kuiosha, iache ikauke yenyewe. Dawa hushikwa na plastiki iliyosuguliwa.

Tofautisha pia rangi, maana kwetu watu huazimana inhela kama chumvi. Ile ya buluu, salbutamoli, ni ya kufungua kifua kilichobana. Ile ambayo mara nyingi ni ya kahawia ni ya kuzuia, inavutwa kila siku hata mtoto akiwa mzima. Nilikuwa naiacha akipata nafuu, kosa ambalo nimelisikia kwa karibu kila mama niliyezungumza naye.

Barua ya rufaa niliipata hapo hapo. Ng'ang'ania barua. Kwa sisi wa Kibera na Kawangware, hospitali ya kaunti ya karibu ni Mbagathi, nayo Kenyatta ni ya rufaa ya taifa, ngazi ya 6, si ya kuingia na kikohozi mkononi. Ukiwa na barua, kitabu na video, daktari bingwa anaanzia pale mwenzake alipoishia. Na jisajili SHA, bima ya afya ya serikali, kabla hujaugua, kwa *147#, kitambulisho kikiwa mkononi. Ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, na kwa sisi tusio na mshahara mchango wa chini ni shilingi 300 kwa mwezi, ingawa unatakiwa kulipa wa mwaka mzima kwa pamoja. Ukishasajiliwa, matibabu ya msingi kwenye vituo vya umma vya ngazi ya 2 na 3 hayadai pesa. Kuhusu kipimo cha mzio, uliza kwenye dawati la SHA kabla ya kupanga foleni. Cha kwetu nilikilipa mwenyewe, faida ya beli zima.

Kabla ya kulipa nilifanya jambo moja ambalo ningepaswa kulifanya mapema: nilitafuta jina la daktari wa kipimo kwenye orodha ya Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC. Iko kwenye tovuti yao, haidai pesa, inaonyesha kama mtu amesajiliwa na amebobea katika nini. Bango la barabarani halionyeshi hilo. Na leseni ni ya mwaka mmoja mmoja, kwa hiyo ile fremu yenye vumbi ukutani isome tarehe.

Mara ya kwanza tulipokwenda kupimwa tulirudishwa, na kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimempa setrizini siku mbili kabla, na dawa za aina hiyo, pamoja na Piriton, huzima kipimo cha ngozi. Zinaachwa kama wiki moja, kwa maelekezo ya daktari. Inhela haiachwi.

Mara ya pili daktari alimchora namba kwa kalamu kwenye mkono, toka kiwiko kuelekea kifundo, akadondosha tone kando ya kila namba na kulichoma kidogo kwa kisindano. Damu haitoki. Kisha tulisubiri dakika kumi na tano bila kukuna, jambo gumu kuliko sindano yenyewe. Tone la histamini, ambalo lazima livimbe ili kipimo kiaminike, likavimba. Namba tatu ikavimba kama imeumwa na mbu. Namba sita nayo. Daktari akapima kwa rula: utitiri wa vumbi, na mende. Paka, hakuna kitu. Maziwa, mayai, ngano, hakuna kitu. Tulipotoka, kijana aliomba chapati na mayai kabla hatujafika steji ya matatu za 46, na nikamnunulia mbili.

Hayo yote ni ya ugonjwa unaokupa nafasi ya kutafuta. Mtoto akivimba midomo au ulimi, akitapika na kutoka mabaka, akashindwa kupumua baada ya kula kitu, kung'atwa na nyuki au kupewa dawa, usitafute bingwa wala kemisti. Kimbia hospitali yoyote yenye kitengo cha dharura, useme wazi kwamba ni mzio. Anachohitaji ni sindano ya adrenalini pajani, na anaihitaji haraka.

Sasa mabeli yangu yanalala stoo ya Toi, na nguo nazichagua huko huko nikiwa nimefunga leso puani. Blanketi na shuka tunaanika juani kila Jumamosi, mende tunapigana nao na bado wanaongoza. Kijana huvuta ile ya kahawia asubuhi na jioni. Kitabu kimefika ukurasa wa 23, na mstari wa mwisho wa usiku mbaya niliuandika Aprili.

Ukitaka kuona nilivyokipanga kabla hujaanza chako, nipo Toi, upande wa nguo za watoto. Njoo asubuhi, mchana nina wateja.