Makaburi ya Kale: Ukikuta Mifupa Shambani, Ufanye Nini?

Katika nchi ya Kericho na Bomet ardhi huchimbwa kila siku. Watu huchimba misingi ya nyumba na vyoo, hutoa murami ya barabara, hung'oa chai iliyozeeka wapande mipya. Mara nyingine jembe hugonga mfupa au bakuli la jiwe. Wengi huvitupa, na wengine huvichukua nyumbani. Yafaa tujue kwa nini kufanya hivyo ni hasara.

Zamani Wakipsigis, kama ndugu zao Wanandi, hawakuwa na desturi ya kuzika kila mtu. Maiti wengi walilazwa nje ya mji, wakachukuliwa na fisi. Basi kaburi la kale sana likionekana, huenda ni la watu waliokaa huku kabla yao, na hakuna ukoo utakaokuja kulidai. Mlinzi wake ni yule aliyelikuta.

Watu hao wa kale walikuwa nani? Ng'ambo ya msitu wa Mau, kando ya mto Njoro, Louis Leakey na mkewe Mary walichimba pango mwaka 1938. Walikuta mabaki ya watu wapatao 80 ambao miili yao ilichomwa moto. Pamoja nao kulikuwa na mabakuli ya mawe, michi ya mawe, mawe ya kusagia na shanga. Moto ule uligeuza kibuyu na chombo cha mti kuwa makaa, navyo havikuoza. Wataalamu wamepima umri wa mabaki hayo wakaona ni yapata miaka 3,000.

Mfano wa pili ni Hyrax Hill, karibu na mji wa Nakuru, alipochimba Mary Leakey tangu mwaka 1937. Katika makaburi ya kale zaidi ya mahali pale, wanawake walizikwa pamoja na vyombo vya mawe, lakini wanaume hawakuwekewa kitu. Kama mtu angalitangulia kuyachukua mabakuli yale, nani angalijua kwamba yalikuwa ya wanawake?

Lakini si kila shimo la kale ni kaburi. Mabonde madogo yaitwayo mashimo ya Sirikwa, yanayoonekana katika nyanda za juu za magharibi, yalidhaniwa kuwa nyumba. Mtaalamu John Sutton alichimba kwa uangalifu akaonyesha kwamba yalikuwa mazizi ya ng'ombe.

Basi ukikuta mifupa, fanya hivi:

1. Acha kuchimba mara moja. Usiondoe mfupa, chungu wala jiwe.

2. Funika mahali pale kwa turubai, mvua isipaharibu, na uwazuie watoto na mifugo.

3. Mwarifu chifu au polisi, kwa maana mifupa yaweza kuwa ya mtu aliyekufa juzi.

4. Ikiwa ni ya kale, habari zifike Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya mwaka 2006 yamtaka kila avumbuaye kitu cha kale atoe habari.

Kaburi likishavurugwa haliwezi kurudishwa lilivyokuwa. Shimo la choo laweza kuchimbwa hatua chache kando.