Kabla ya Kuweka Sanduku la Kiota, Fungua Kalenda

Wanachuo wenzangu, kila bumu likiingia, miradi inazaliwa mageto yote. Huyu anauza juisi, yule anakodisha spika, na siku hizi wapo wanaonunua ndege wawili wa rangi, kizimba na pakiti ya uwele, wakitegemea baada ya muda watakuwa wanauza makinda. Mimi nasoma ualimu, na ndege hao nawafuga nyumbani kwetu Morogoro. Sina nia ya kumkatisha mtu tamaa. Mwanachuo anaweza kabisa kuzalisha ndege hawa, ila kazi inaanzia kwenye kalenda, sio kwenye kizimba. Twende hatua kwa hatua, kama somo.

Tumjue ndege mwenyewe

Mtaani wengi wanamwita lavubedi. Siye. Huyu ni baji, kasuku mdogo wa Australia, mwenye urefu wa kama sentimita 18. Kwao wanaishi kwa makundi na wanahamahama kufuata mvua na mbegu za nyasi. John Gould aliwafikisha Uingereza wakiwa hai mwaka 1840, na tangu hapo wamezalishwa vizimbani kizazi hadi kizazi. Lavubedi ni jamii nyingine. Mmoja wao, mwenye uso wa rangi ya chungwa na duara jeupe kuzunguka jicho, ni ndege wa porini wa hapa hapa Tanzania, kuanzia Serengeti hadi kusini mwa Ziwa Victoria. Huyo ni mnyamapori na ana sheria zake. Ukiletewa ndege aliyetegwa porini, kataa.

Kwa kuwa baji ni ndege wa kundi, usimfuge peke yake, labda kama una muda wa kukaa naye kila siku. Kizimba kiwe kirefu kwa upana kuliko kwa kimo, kwa sababu baji huruka kwenda mbele, hapandi juu kama lifti.

Dume na jike

Angalia ile ngozi laini juu ya mdomo, palipo na matundu ya pua. Kwa ndege aliyekomaa, ya dume huwa ya bluu na ya jike huwa ya kahawia au nyeupe iliyofifia. Kwa kinda na kwa baadhi ya ndege weupe au wa njano tupu, alama hii inaweza kukudanganya, maana dume naye anaweza kubaki na rangi ya waridi. Muulize mfugaji mzoefu kabla hujalipa.

Usiwazalishe kabla hawajatimiza mwaka mmoja. Jike mdogo anaweza kutaga, lakini mwili wake haujawa tayari kwa kazi hiyo.

Chakula

Mbegu kama uwele, ulezi na mtama ndio msingi, ila mbegu peke yake hazitoshi. Ongeza mchicha uliooshwa vizuri, karoti iliyokwanguliwa, na yai la kuchemsha kidogo wakati wa kulea. Jike anahitaji madini ya chokaa ili atengeneze maganda ya mayai. Mpe mfupa wa dome, au maganda ya mayai ya kuku yaliyochemshwa, yakakaushwa na kusagwa. Parachichi usimpe hata kipande, kwake ni sumu. Na wale tunaopikia chumbani: moshi wa jiko la mkaa, na hewa inayotoka kwenye kikaango kisichogandisha kikipata moto kupita kiasi, vinaweza kumuua ndege wewe ukiwa umekaa palepale unakula.

Sasa tufungue kalenda

Sanduku la kiota ni la mbao, lina tobo la sentimita 4 hadi 5 na sakafu iliyochimbwa kidogo katikati ili mayai yasitawanyike. Ukiliweka leo, yai la kwanza linaweza kuchukua wiki mbili au zaidi. Kwa kawaida jike hutaga mayai 4 hadi 6, moja kila baada ya siku moja. Tuseme ametaga matano: siku ya 1, 3, 5, 7 na 9. Kila yai huatamiwa kwa siku kama 18. Kinda wa kwanza atatoka karibu siku ya 19, wa mwisho karibu siku ya 27. Wanatoka bila manyoya, macho yamefumba. Kila mmoja atakaa kiotani kama wiki tano, kisha atahitaji wiki moja au mbili nyingine hadi ajue kula mwenyewe. Jumlisha: kutoka yai la kwanza hadi kinda wa mwisho kujitegemea ni wiki 10 au 11. Ukiongeza zile za mwanzo, umefika 13. Karibu muhula mzima huo.

Hapa ndipo miradi mingi ya geto inapokwama. Sanduku likiwekwa katikati ya muhula, makinda wanakuwa wachanga wakati wa mitihani, au wakati ambao sisi wa ualimu tunapangiwa mazoezi ya kufundisha mkoa mwingine. Huwezi kupanda basi na jike anayeatamia. Mimi naweza kwa sababu nyumba yetu ina watu mwaka mzima, na mdogo wangu wa darasa la sita anajua ratiba kuliko mimi.

Jike sio mashine

Dume hupeleka chakula, lakini kuatamia ni kazi ya jike peke yake. Mizao miwili kwa mwaka inamtosha. Makinda wakimaliza, ondoa sanduku, kwa sababu likibaki anaweza kutaga tena wiki hiyo hiyo. Jike aliyechoka, au aliyekosa madini, yai linaweza kumkwama tumboni. Utamkuta amekaa chini ya kizimba, amefura manyoya, anajikaza. Mweke mahali pa joto na umtafute daktari wa mifugo siku ileile. Ukisubiri kesho, mara nyingi umechelewa.

Na afya yako pia: kasuku wanaweza kumwambukiza binadamu ugonjwa wa mapafu kupitia vumbi la kinyesi. Lowesha sakafu ya kizimba kabla ya kuisafisha, vaa barakoa, nawa mikono.

Zawadi kwa mwalimu mtarajiwa

Baji wa porini ni kijani na njano. Bluu ilitokea baadaye kwa ndege wa vizimbani, na ni sifa fiche. Ukipata wazazi wawili wa kijani ambao kila mmoja amebeba jeni ya bluu, kila yai lina nafasi moja kati ya nne ya kutoa kinda wa bluu. Mayai manne hayakuahidi bluu mmoja. Unaweza kupata wawili au ukose kabisa. Mdogo wangu alielewa neno "uwezekano" kwa kuhesabu makinda, na sikutumia ubao.

Tathmini

Jiulize maswali manne. Je, sheria za bweni au mwenye nyumba wanaruhusu? Nani atawalisha nikiwa likizo au kwenye mazoezi? Makinda wasiponunuliwa, nina kizimba cha pili? La mwisho ndilo zito: baji akitunzwa anaweza kuishi miaka 5 hadi 10, na shahada yetu ni mitatu. Siku ya mahafali atakuwa wapi? Kama hujapata jibu, fuga wawili bila sanduku la kiota. Wataimba vilevile, na bumu lako litabaki na kitu.